Waya Wangu

Jumanne usiku, mvua ikishuka Kadutu,
Nsimire alinipigia: "Fundi, taa imekuwa nyekundu,
inaona haya kama bibi arusi, njoo uione."
Friji lake linanguruma, halizunguki.
Sambaza kilo kumi na mbili wameanza kulainika.

Nikapanda ngazi za matope, tochi mdomoni.
Kabini haina kufuli, imefungwa kwa kamba ya kiatu.
Ndani, nati imelegea, imeungua pembe.
Na pale pa fyuzi
waya wa shaba, mnene kama kidole cha mtoto.
Naujua mkono uliousokota:
mkunjo wa kushoto, ncha zimerudishwa ndani
zisimchane mtu.
Mkono wangu.

Mwaka juzi, usiku wa fainali, walinizunguka:
"Inakatika kila siku! Weka kitu kigumu!"
Nikaweka kitu kigumu. Nikapewa bia mbili.

Tangu hapo, hapa hapakukatika kitu.
Kilichokatika ni kingine:
redio ya Zihalirwa, pasi ya mwalimu,
mota ya kinu cha mihogo, mara mbili,
na paa la Mama Cibalonza,
ambalo, kusema kweli, halikukatika. Liliwaka.

Maana hitilafu ukiinyima mlango mdogo
hubomoa ukuta.
Tawi la mparachichi linagusa waya nyuma ya kanisa,
balaa linapita hapa bila kubisha hodi,
linashuka mpaka swichi kubwa kule chini,
na vilima vitatu vinalala gizani
kwa kosa la tawi moja.

Sasa nimekuleta wewe, uzi mwembamba,
ndani ya kauri nyeupe na mchanga wako.
Sikukuleta udumu.
Mama, aliyeshona sare za shule miaka ishirini,
alisema uzi usiwe na nguvu kuliko kitambaa:
mshono uachie, nguo ipone.
Nilidhani anatetea nyuzi zake za bei rahisi.

Nimeshusha mkono wa swichi. Nimekaza nati.
Nimekupachika. Nimepandisha.
Bondeni madirisha yamekuwa meupe,
mtu akapiga mluzi.

Nsimire simuni: "Imesimama sawa! Unanidai ngapi?"
"Hunidai, sikudai. Ila ikikatika kesho, usinitukane."
"Kwa nini ikatike?"
Mvua ikazidi, sikumjibu.
Nimeteremka na ule waya mnene mfukoni,
bado una joto, unanichoma paja.