Alama ya Kidole Gumba

Kioo hupachikwa kichwa chini.
Hilo ndilo la kwanza alilonifunza baba,
Antelme Rosaz wa bonde la Moriene:
mtakatifu mtumbukize miguu juu
kama kuku anayepelekwa sokoni,
naye ukutani atasimama wima
na watu watapiga ishara ya msalaba.

La pili: shuka usinunue, azima.
Kila nyumba ina shuka ya arusi
iliyokunjwa sandukuni, nyeupe pee,
na kila mama anatamani kuiona ikifanya kazi.
Ivute hadi ilie, igongomee pembe nne.
Mkunjo mmoja humvunja malaika pua.

Tulishuka milimani kila Novemba,
yeye na taa ya bati mgongoni,
mimi na vioo kumi na viwili
nimevivika soksi zangu za sufu,
miguu yangu nimeiviringisha matambara.
Malipo yetu supu ya kabichi, nyasi kavu za kulalia,
na shaba mbili, kama mwenye nyumba si bahili.

Wengi walikuwa bahili.

Taa ilinuka, ikakohoa moshi.
Kisha duara la manjano, kiini cha yai,
kisha Yona, kisha nyangumi,
kisha Shetani, ambaye padri mmoja alilalamika
kwamba anakaa kwenye shuka kuliko malaika.
"Shetani ana rangi nyingi, Padri," baba akasema.
"Ni hasara kumtoa haraka."

Alivichora mwenyewe, kwa nywele tatu za paka,
uso wa Yona usiozidi punje ya dengu.
Kosa lililoingia kiroboto
lilitoka ng'ambo ya lenzi likiwa ng'ombe.
"Mwanga hauna adabu, Gasparda," aliniambia.
"Hausitiri mtu."

Alikufa Februari, ghalani kwa watu, karibu na Otuni.
Mapafu. Siku tatu.
Ardhi ilikuwa imeganda, sululu ikiruka kama juu ya chuma,
wakamlaza kwenye mbao kungoja barafu iyeyuke.
Nikashika njia. Maiti husubiri,
njaa haisubiri.

Kijiji kilichofuata niliwasha taa peke yangu.
Sauti yangu ilikuwa ndogo kwa nyangumi.
Nikaingiza kioo cha saba, bahari,
na juu ya mawimbi, pembeni,
likatokea jambo asilolichora:
mistari, pete ndani ya pete,
pana kuliko mlango wa kanisa.

"Shamba limelimwa!" mtoto akapiga kelele.
"Tufani hiyo," akasema mhunzi, "ndiyo iliyomtupa Yona."
Bibi mmoja akashikilia kwamba ni kisiki cha mwaloni,
akaanza kuhesabu miaka.

Lakini palikuwa na kovu,
limekatiza pete zote kama kijito.
Nililijua. Kisu cha jibini,
mimi nikiwa na miaka sita, nikimsukuma kiwiko.
Labda alikishika kioo usiku wa homa,
vidole vina masizi,
akitafuta nini sijui.

Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu.
Pumzi moja na mfuto mmoja vingetosha.

"Tufani, mabibi na mabwana!" nikapaza sauti.
"Tazameni upepo unavyojizungusha!"
Mhunzi akatikisa kichwa kwa ushindi,
bibi akapoteza hesabu, akaanza upya,
nami nikaiacha pale kwenye shuka,
mafuta yangu mwenyewe yakiungua,
muda mrefu kuliko Shetani.