Bila Kuyeyuka

Turbo ya boti ya mizigo iendayo Ukara
ililetwa Igogo ndani ya gunia la dagaa:
feni peke yake, shafti peke yake,
imekatika shingoni.

Kwanza tuliijaribu kwa moto.
Aloi ile ya nikeli, iliyozoea kuishi
katika pumzi nyekundu ya injini,
ilikubali kuyeyuka, ikatulia, ikang'aa.
Ilipopoa tukaisikia: tik.
Ufa mwembamba kama unywele wa kichanga.
Tukarudia. Tik.

Kuna vyuma havipatani vikiwa maji.
Titani nayo, kama kile kipande alichofungwa mama pajani
pale Bugando, ukiichoma ovyo
hunywa hewa mpaka iwe kigae.

Basi nikamwita Lutambi.
Tangu matanga ya baba, mwaka wa pili huu,
salamu zetu zinapitia kwa watoto.
Lakini kazi hii inataka watu wawili:
wa kuzungusha na kushika breki,
na wa kusukuma.

Tukasugua nyuso zote mbili kwa msasa, kwa spiriti,
hadi alama ya kidole ikawa uchafu.
Nikaizungusha shafti. Akaisogeza feni. Zikagusana.

Mlio wake si wa chuma kukata chuma.
Ni wa kitu kinachokataa, na kuendelea kukataa,
kisha sauti inashuka
kama jenereta ya jirani mafuta yakimwishia.
Wekundu ukapanda. Rangi ya papai lililoiva, si zaidi.
Hakuna tone lililodondoka.
Ugali tu, wenye kushika umbo lake,
na kutu, na hewa, na kila kilichokuwa katikati
kikasukumwa nje, kikajikunja pembeni
kama ukosi wa shati.

"Sasa!"
Neno langu la kwanza kwake.
Nikakamata breki. Akasukuma kwa uzito wake wote,
mshipa wa shingo umemtoka, ule ule wa baba.
Nikahesabu hadi kumi, nikaongeza tano.

Asubuhi tulibana kipande cha majaribio kwenye jiriwa
tukakipinda kwa bomba refu.
Kilivunjika pembeni, penye shafti tupu.
Kiungo hakikujua kama kuna kilichotokea.

Lutambi akapima turbo kwa kalipa.
"Imepungua milimita nne."

Najua. Niliacha ndefu makusudi:
mbili upande wake, mbili upande wangu.

Mwenye boti akauliza bei.
Tukamjibu kwa pamoja,
bei mbili tofauti.