Kijiko

Daktari Drozd alinipitishia kamera puani,
akanionyesha kwenye skrini nyuzi mbili nyekundu
na vinundu, kimoja kila upande,
vinatazamana kama majirani wasioamkiana.
"Wiki tatu bila neno," akasema. "Hata kunong'ona usinong'one.
Kunong'ona kunakwaruza kuliko kufoka."
Nikafungua kinywa nimwambie ahsante.
Akanitolea jicho.

Miaka ishirini na mmoja katika shule ile ya matofali, Bytom:
dari lililo juu mno, linalomeza maneno na kutema mwangwi,
watoto thelathini na wanne,
na bomba la joto linalogonga Novemba hadi Machi
kama mtu aliyefungiwa ndani ya ukuta.
Nimefundisha desimali juu ya kelele za bomba hilo.
Nimefundisha na peremende ya asali shavuni,
huku mkuu wa shule yuko mlangoni na karatasi mpya za kujaza,
huku babake Oliwier anataka kujua, sasa hivi,
kwa nini mwanawe kapata mbili.
Jioni nimerudi debe tupu,
tena lisilovuma.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema.
Jumanne ya kwanza niliusikia mshindo wenyewe:
friji.

Jumapili, saa kumi, simu ya mama kutoka Zabrze.
Nilikuwa nimemtumia ujumbe,
lakini miwani yake iko wapi anajua Mungu.
"Halo? Bernadeta? Ni wewe?"
Nikashika kijiko, nikagonga ukingo wa glasi.
Upande wa pili, pumzi tu.

Baba alichimba makaa miaka thelathini.
Vumbi lililomla mapafu lilikuwa na jina, na malipo yake.
Alitufundisha mezani, kwa uma:
ukifukiwa usipige kelele, kelele hula hewa.
Tafuta bomba. Gonga.
Moja ni ndiyo, mbili ni hapana.
Walio juu watatega sikio.

"Umekula?" Moja.
"Una homa?" Mbili.
"Ni koo tena?" Moja.
"Ni koo tu?"
Hapo kijiko kiligusa glasi, kikateleza.

Hakuniuliza zaidi. Akaanza kusimulia:
bei ya siagi, mazishi ya mzee Kuczera,
goti lake linalotabiri theluji kuliko redio.
Sikujua mama ana maneno mengi hivi.
Kila Jumapili nilimpa makombo,
"nimechoka, mama, nitakupigia kesho,"
mkate wenyewe nimeshaugawa kwa watoto wa watu.

Fomu ya maradhi ya kazini iko juu ya friji.
Inauliza miaka, vipindi kwa wiki,
kama navuta sigara, kama naimba kanisani.
Haiulizi ni mara ngapi nilisema "nyamazeni"
nikimaanisha "nisaidieni."

"Bernadeta," akasema mwishoni, "utarudi kule?"

Bomba la kwangu likagonga ukutani,
mara mbili, au tatu, sikuhesabu.
Kijiko kilikuwa mkononi.
Chai ilishapoa,
na mama, aliyewahi kukesha siku mbili
mdomoni mwa shimo,
hakukata simu.