Utando wa Buibui

Jumanne, saa mbili na robo, ukumbi namba saba, Plovdiv.
Bomba la joto linagonga ukutani kama mdai asiyejibiwa.
Nachora mihimili miwili, huu bei, huu kiasi,
ugavi ukiparamia, mahitaji yakiteremka,
kisha chaki inazunguka katikati, kona kwa kona,
hadi ubao mzima ni utando
na buibui haonekani.

"Bei ikipanda," nawaambia, "mkulima naye hupanda.
Lakini mche hauna haraka. Miaka mitatu,
na siku ya mavuno wote mko foleni
kwenye lango la mnunuzi mmoja."
Wanaandika. Wengine wanaandika hata kikohozi changu.

Radostin, safu ya nyuma, haandiki.
"Mwalimu, kona hiyo ya tatu ni mwaka gani?"

Nikajibu nilivyozoea: ni nadharia, haina mwaka.

"Inao," akasema.
"Ndio mwaka baba alipokodi trekta la Zhelyazko
akang'oa hekta nne za lavenda.
Alianza gizani watu wasimwone,
harufu ikamsema hadi kijiji cha pili.
Mama alifunga madirisha kiangazi chote.
Mapipa manne ya mafuta yapo chini ya ngazi;
bibi anapaka magoti."

Wakacheka.
Kisha msichana mmoja wa Dobrich akaacha kucheka,
na wa pembeni yake.

Miaka kumi na tisa nauchora utando huu.
Naweza kuuchora nimefumba macho, nikiwaza chakula cha mchana.
Ila kuna jambo halimo katika muhtasari wa somo:
majira fulani ya baridi nilipanda basi kwenda kaskazini,
semina ya wakulima, ukumbi wa sinema uliokufa,
nami nina slaidi ishirini na mshale mmoja wa zambarau
ukielekea juu.
Nilipigiwa makofi. Nilipewa mtungi wa asali.
Wanaume wenye kofia za sufi walinakili namba zangu
nyuma ya risiti za mbolea.

Sijamuuliza Radostin
kama baba yake ana kofia ya sufi.

Kwenye mtihani, swali la nne, alichora vizuri kuniliko.
Kila kona akaiandikia tarehe na jina la shamba,
kona ya mwisho akaiacha tupu.
Mwongozo wa kusahihisha hauna alama za majina ya mashamba.
Nilikaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa,
nikampa alama zote, nikazifuta, nikazirudisha.

Jana kanisubiri mlangoni, begi begani.
"Baba kanituma nikuulize.
Giligilani inapanda. Tupande?"

Nilipangusa chaki kwenye mkono wa koti,
ikaenea zaidi.
"Majirani zenu wanasemaje?"

"Hawasemi," akajibu.
"Nao wamewatuma watoto wao waulize."