Maji Yasiyo na Povu

Siku sita mikono yangu ni ya mashuka.
Mashuka ya hoteli nisimolala,
taulo za mabwawa nisimoogelea,
mvuke, sabuni, mashine kumi na nne
zikizungusha maji hadi yachoke.
Siku ya saba Dilmaya akaniamsha kabla ya adhana:
"Leo nakuonyesha maji yasiyo na povu."

Tulichanga dirhamu, wanawake watatu,
Gul Rahman akaleta kigari chake chenye mlango mkaidi.
Jangwa likapita kimya. Kisha, bila hodi,
milima:
mikavu, ya kahawia, imekunjamana
kama nguo iliyosahauliwa ndani ya mashine.
Nikacheka peke yangu. Hata huku kazi imenifuata.

Hatta. Ukuta wa bwawa, na nyuma ya ukuta
rangi ambayo sikuwa na jina lake.
Si buluu ya kitenge, si kijani cha mchicha;
labda ile chupa tupu ya marashi
ambayo mama alikataa kuitupa,
ukiiinua mbele ya dirisha.

Kijana wa kukodisha mitumbwi alitufunga majaketi,
akauliza nani anajua kupiga kasia.
Wote wakanigeukia. Si natoka Pangani?
Ilinibidi niseme kweli:
baba yangu alikuwa karani wa posta.

Ndani ya plastiki ya rangi ya chungwa
tulizunguka mara tatu mahali pale pale,
Mwatime akicheka hadi kwikwi ikamshika.
Halafu mtumbwi ukanyooka,
nami nikajitungia, kimoyomoyo:

    Maji yaliyotulia, hayajisifii kina,
    Kasia likiingia, huoni alama tena,
    Mimi niliyesikia, bahari tu ikiguna,
    Sijui pa kuanzia, salamu ya kupeana.

Dilmaya aliacha kasia magotini.
Akataja ziwa la kwao, jina nisiloweza kulitamka,
na milima ya theluji inayolala chali ndani yake.
"Hii," akasema, akiinua kidevu kuelekea majabali,
"ni midogo. Lakini imesimama vizuri."
Hakusema neno lingine mpaka tukafika ukingoni.

Adhuhuri tukapanda kijia.
Changarawe ziliteleza chini ya raba zetu za sokoni,
mbuzi wawili wakatutazama kama wasimamizi wa zamu.
Chini ya mkunazi tuligawana chapati na mayai;
kunazi kavu zilikuwa zimetapakaa,
nikala mbili kwa ajili ya utoto.
Kutoka juu, bwawa lilikuwa dogo,
la kuweza kukunjwa mara mbili, mara nne,
na kutiwa kabatini.

Hapo ndipo nilipouona ukuta sawasawa.
Mwatime akauliza, maji yote yale ni ya nini?
"Yanangoja," Gul akajibu, huku akimenya yai.
"Siku yakihitajika, yatafunguliwa."

Kumbe nayo yapo zamu.
Nayo yamelazwa bwenini, yamejipiga pasi uso,
yanamtazama mwewe anavyokwenda atakako,
yakingoja namba yao iitwe.
Sikuhuzunika. Niliona tu undugu,
kama ukutane na mtu wa mtaa wenu
kwenye foleni ya ugenini.

Tulirudi tumelala midomo wazi,
mlango mkaidi ukigonga njia nzima.

Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri,
niliwasha mashine namba tisa.
Kabla sabuni haijashuka,
nyuma ya kioo, kwa pumzi mbili hivi,
maji yaliingia yakiwa maangavu.

Nikayaamkia.

Kisha povu.