Thelathini Februari

Kunja ngumi zote mbili. Mlima, siku thelathini na moja;
bonde, thelathini. Ndivyo tulivyofundishwa Iyunga,
Julai na Agosti vifundo viwili bega kwa bega
kama Loleza na mwenzake wakigombea wingu.

Sasa tazama humu, kwa kioo cha jicho:
aliyeiunda saa hii naye alikunja ngumi.
Gurudumu lisilozidi punje ya hindi
limechongwa mabonde matano,
na kidole cha chuma hulipapasa ukingoni
kama mtu atafutaye swichi gizani.
Kikiwa mlimani, usiku wa manane, husukuma jino moja.
Kikitumbukia bondeni, mwezi ukiisha, husukuma mawili,
na Mei huamka tarehe mosi bila kuuliza mtu.
Hakuna betri. Kamani inalegea tu, taratibu,
balansi inatikisika mara nane kwa sekunde.

Ila Februari.
Kwake Februari ni bonde kama mengine,
haijui kwamba hapa ardhi imedidimia zaidi.
Muundaji alijua. Alipiga hesabu ya magurudumu, akaacha,
akaweka kitufe ubavuni:
mara moja kwa mwaka, binadamu, nisaidie.

Subilaga, mkunga wa Meta, hakuambiwa habari ya kitufe.
Daktari aliyempa saa alikuwa anawahi treni.
Miezi kumi na moja haikumdanganya;
wa kumi na mbili angeishtakije?
Usiku wa mvua, umeme umekatika, akanipokea,
akasogeza mkono kwenye chemli, akaandika alichosoma.
Kadi ya kliniki ninayo: 30/2.
Wino wa buluu, mwandiko wa mtu mwenye uhakika.

Shuleni walicheka. Karani wa vitambulisho hakucheka,
alisema mfumo umekataa, nichague siku nyingine.
Nikachagua ya pili Machi, kama kiatu cha mtumba:
kinanitosha, ila kimezoea mguu wa mwingine.

Leo ni mosi Machi. Amepanda mwenyewe hadi Mwanjelwa,
matope mpaka kwenye pindo la kitenge.
"Lugano, kila mwaka mahindi yakianza kuchomwa
hii kitu inabaki nyuma. Mafundi huisukuma,
hawaniambii ina ugonjwa gani."

Inasema ishirini na tisa.
Nachukua kijiti chenye ncha. Nabonyeza mara moja.

Thelathini. Februari.
Imekaa kwenye kidirisha chake, haina haraka,
wala haijui kwamba imekataliwa na mfumo.
Inatakiwa kubonyezwa tena, mara moja tu.

Jirani anamimina chai. Mvua inarudi juu ya mabati.
"Mbona umesimama?" ananiuliza. "Imeharibika?"

Haijaharibika, mama.
Ngoja kidogo, nimalize kuiona.