Jicho la Kushoto

Bei niliyotajiwa ilikuwa fupi:
dola elfu moja na mia nane, likiwa bado bandarini kwao,
kigari cheupe kisicho na pua,
uso umekatwa wima kama mkate.
Nikahesabu likelemba yetu ya Kadutu, zamu yangu mwezi wa saba,
nikaona viazi vya Walungu vinashuka Bukavu
bila mgongo wa mtu.

Sikujua bei ile ilikuwa jina tu.
Ukoo wake ulikuwa nyuma, unakuja kwa miguu.

Meli ikaja, ikasema, mimi ni shangazi yake.
Dar es Salaam ikaja na karatasi za njano.
Kigoma wakaniambia ziwa limechafuka, ngoja boti,
na kungoja kwenyewe kukawa na risiti.
Kalundu walikuwa watu watano, mihuri mitano,
na wa sita hakuwa na muhuri,
alikuwa na kiti.
Huyo ndiye aliyekula zaidi.

Kwenye mlima wa Ngomo injini ilishikwa na kifua.
Silinda tatu, kila moja kikombe cha kahawa.
Fundi Murhula alishuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi,
akaweka na bega lake,
akasema: Mama Nsimire, hujanunua gari,
umenunua mbuzi mwenye taa.

Lakini mbuzi alipanda.

Mlangoni kuna maandishi ya kwao, ya buluu.
Watoto wa Cimpunda wanasema ni jina la Mungu.
Mimi nasema ni jina la mtu aliyeuza mboga,
maana chini ya kiti nilikuta mpira mwembamba,
ule wa kufungia fungu,
na jani moja kavu ambalo sikulijua.
Nililiacha palepale. Ni mwenyeji kuliko mimi.

Sasa sikia lililonishinda kuandika.
Usukani uko kulia, na kwetu tunapita kulia.
Kwa hiyo mimi dereva nakaa upande wa mtaro:
naona nyasi, naona ndala za watu, naona kuku,
lakini lori linalokuja mbele yangu silioni
mpaka limeshanijia.
Lazima mtu akae kushoto, atoe kichwa, aseme.

Nilimlipa Ciza franga elfu tano kwa siku, na maharage.
Akasinzia karibu na Nyangezi.
Bado nina alama ya siku ile kwenye bawa la mbele
na nyingine hapa, chini ya nywele.

Muhula huohuo pampu ya maji ilikuwa imemeza karo.
Akonkwa akasimama mlangoni na sare yake,
miaka kumi na miwili, akasema:
mama, mimi nina macho.

Ilikuwa wiki moja tu. Nilimwambia mwalimu wiki moja.

Ngoja, anasema. Ngoja.
Ngoja, kuna tanki la mafuta.
Pita sasa.
Nami napita, kwa macho ya mtoto,
magunia kumi na mawili nyuma yetu yanaguna.
Mvua ya masika imetukuta kwenye kiti kile na kutuacha,
na sauti yake imeanza kuwa nene
mahali fulani kati ya ngoja na pita.

Tairi, inchi kumi na mbili, nimeandika.
Oili, nimeandika. Asuransi.
Rulaji wa Nyawera, asubuhi na jioni, kama dawa.
Jana nilifungua daftari nipige jumla,
nikakuta penye jumla pamejaa:
ameyanakili yale maandishi ya mlangoni, yote,
kwa kalamu yangu, kwa mkono mzuri,
mkono wa mtu aliyekuwa na mahali pa kuandikia.

Hii ni ngapi, nikamuuliza.
Akageuza kichwa kushoto kwanza, ilivyo desturi yake siku hizi,
ijapokuwa tulikuwa jikoni.

Ngoja, akasema.